Sitaing'oa Miti ya Kulungu

DeSoto, Texas,
2 Novemba 2025.

Mpendwa kaka Elimringi,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na goti lako limepungua maumivu tangu uanze ile dawa ya kuchua niliyomtuma wifi Aikande akununulie. Je, vuli zimeshuka huko Machame? Nasikia Moshi mjini imenyesha mara mbili tu. Mama anakula vizuri? Usinijibu kwamba hajambo tu, niambie anakula nini.

Sisi huku ni wazima. Mimi nimepunguza zamu za usiku hospitalini, mgongo umeanza kunidai heshima yake. Mwanangu Abigail bado anafanya kazi kule Euless, karibu na uwanja wa ndege, kwenye ofisi ya kusafirisha mizigo. Jumapili huja kunisalimia, tunapika ndizi, yeye anakula anaongea Kiingereza, mimi namjibu Kiswahili, na tunaelewana.

Nimepokea ujumbe wako wa sauti, kaka. Nimeusikiliza mara tatu. Sikutaka kukujibu kwa simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Ndiyo maana naandika, kama ulivyonizoesha miaka ile nilipofika huku na ulikuwa unaniandikia kila mwezi bila kukosa.

Umesema nimerukwa na akili. Umesema mtu mzima, muuguzi, mjane, anapanda miti ya matunda ili walishwe wanyama wa porini, na ukoo mzima unanicheka. Sasa kaa chini nikusimulie kilichotokea, maana ulichosikia ni mkia tu wa habari.

Unakumbuka mwaka 2021 nilivunjika mfupa wa mtulinga nikakuambia ni ajali ya gari. Sikukueleza zaidi kwa sababu Mama alikuwa karibu na simu. Ilikuwa Novemba, asubuhi kumekucha, natoka kazini. Bondeni, chini ya nyumba yangu, kuna barabara nyembamba inayovuka kijito. Pale darajani kulungu jike akaruka kutoka kwenye majani, moja kwa moja mbele ya gari. Kulungu wa huku ni kama wale wetu, ila mkia wake kwa chini ni mweupe kama kitambaa. Nilimgonga. Gari likaingia mtaroni.

Nilipoinua kichwa, kulungu yule alikuwa amelala barabarani bado anatupa miguu. Na kando yake, kaka, alisimama mtoto wake. Hakukimbia. Alikuwa anamnusa mama yake tumboni, anarudi nyuma, anamnusa tena.

Nyuma yangu alikuwa anakuja Kezia, yule Mkenya tunayefanya naye kazi wodi moja. Alinifungulia mlango. "Wacha kuangalia huyo mnyama, Ndeshi," akasema. "Uko na damu kwa uso. Niangalie mimi." Lakini mimi sikuweza kuacha kuangalia. Polisi walipokuja na mnyama akavutwa pembeni, yule mtoto alikuwa bado yupo ng'ambo ya mtaro.

Nilikaa nyumbani wiki sita mkono ukiwa umefungwa. Wewe unanijua, siwezi kukaa. Nilikuwa navuta kiti nyuma ya nyumba, kule ardhi yetu inakoteremka hadi kijitoni, natazama. Kila asubuhi kulungu walipita pale pale, wanashuka, wanavuka barabara, wanapandisha upande wa pili. Nikaanza kujiuliza wanafuata nini. Nilipopata nafuu nilikwenda kwa miguu kuangalia. Ng'ambo kuna nyumba iliyohamwa, na uani kuna mpeasi mzee mkubwa, matunda yamelala chini yananuka kama pombe. Upande wetu zamani kulikuwa na msitu wa mialoni, mbegu zake kulungu wanazipenda kuliko kitu chochote. Msitu ule ulikatwa wote mwaka 2019 wakajengwa maghala. Kwa hiyo chakula kimebaki ng'ambo, na katikati kuna barabara.

Ndipo nikasema, basi nitawaletea chakula upande huu.

Sehemu hiyo ndiyo hukusimuliwa, kaka. Ulidhani nilichoka nikakosa la kufanya.

Nilianza vibaya, nakiri. Niliandika orodha ya matunda ninayoyapenda mimi. Parachichi, mapichi, matufaha. Kezia akanicheka, akanipeleka kwenye ibada ya Kiswahili kule Fort Worth kuonana na mzee mmoja Mkongomani anayeitwa Zéphyrin. Kwao Uvira alikuwa bwana shamba. Alipoletwa huku kama mkimbizi alibeba maboksi ghalani miaka minne kabla hajapata kazi kwenye kitalu cha miti. Alisoma orodha yangu akanirudishia.

"Mama, weye unachagua matunda ya mezani," akaniambia. "Kulungu hana meza. Chagua ile inaanguka yenyewe, na isianguke yote siku moja."

Jumamosi iliyofuata alikuja mpaka DeSoto. Hakutazama nyumba wala hakunywa chai kwanza. Alichimba shimo, akaviringisha udongo mkononi kama anakanda unga. Udongo wetu ni mweusi, mzito, mvua ikinyesha unashika kiatu na ukikauka unapasuka hadi unaweza kuingiza mkono. Akasema matufaha yataoza mizizi humu. Mparachichi utakufa baridi ya kwanza. Mapichi nayo akayakataa. Mimi nikang'ang'ania mapichi, nikapanda miti miwili. Yote miwili ilikufa kiangazi cha pili. Hakunisema, alivua kofia tu mbele ya mashina kama yuko msibani, tukacheka sana.

Tulipanga miti kwa kufuata miezi. Mforosadi kwanza, huo unaangusha matunda mwezi wa tano wakati majike wana mimba na wana njaa. Halafu plamu za porini, za mwezi wa sita. Halafu peasi za aina mbili. Moja inaiva mwezi wa nane, nyingine ni ngumu kama jiwe na haishuki mpaka baridi ianze. Na mwisho persimoni, tunda ambalo huko hatuna. Ni dogo, la rangi ya chungwa, ukilila bichi ulimi unakauka kana kwamba umelamba chaki, likiiva linakuwa tamu kama tende. Hilo linaanguka taratibu kuanzia mwezi wa kumi hadi karibu na Krismasi, na hiyo ndiyo miezi wanayogongwa sana barabarani.

Persimoni nayo ilinifundisha. Mti wake una dume na jike kama mpapai. Nilikuwa nimeshanunua minne ya bei rahisi dukani, bila kumwuliza mzee. Alipoiona akauliza, "Hii ni mike?" Nikasema sijui. "Wala mwenye kuuza hajui," akasema. "Unaweza kungoja miaka nane, kumbe umefuga madume." Tukaiondoa. Tukapanda mike minne ya kubebeshwa, ile inayounganishwa kikonyo cha mti uliokwisha kuzaa, pamoja na dume mmoja. Mialoni miwili pia tulipanda, hiyo nitazeeka kabla haijazaa vizuri, lakini kuna watakaokuja.

Usidhani wale kulungu walishukuru. Vuli ya kwanza dume mmoja mwenye pembe alikuja kujisugua kwenye miche, akachuna ganda la plamu mbili mpaka nyeupe. Nilitoka na kanga na malapa nikimfokea, "Mjinga wewe, hiyo ni yako!" Baada ya hapo kila mche niliuzungushia kizimba cha waya. Mchicha wangu wamekula wote, na mnafu, na majani ya maboga. Sasa mchicha ndio uko ndani ya uzio, na matunda yako nje.

Mwaka jana mwezi wa kumi persimoni zilizaa mara ya kwanza. Hazikuwa nyingi. Asubuhi moja nilihesabu kulungu saba chini ya miti mitatu, na walipomaliza hawakushuka barabarani, walilala pale pale kwenye majani. Nilisimama dirishani na kikombe cha chai hadi kikapoa.

Wengine nao waliwaona. Mwezi wa kwanza nikapata barua ya chama cha wakazi wa mtaa wetu. Huku mitaa mingine ina chama chake na kijitabu chake cha sheria, wanaweza kukuambia hata rangi ya mlango. Barua ilisema nalisha wanyama pori, nawavuta kwenye bustani za watu, na niondoe miti yote ya matunda iliyo bondeni ndani ya siku thelathini. Iliandikwa na mwenyekiti, Bwana Tolliver, mwalimu mkuu mstaafu. Ni mtu mstaarabu. Ana waridi mbele ya nyumba yake, na kulungu walizikata vichwa zote.

Abigail aliposoma barua ile aliogopa. "Mama, please, iondoe tu," akaniambia. "Ni miti tu. Hawa watu utaishi nao." Nikamwambia hao watu nimeishi nao miaka kumi na tisa, na mimi na marehemu baba yake tuliinunua ardhi hii hadi kijitoni, sio hadi kwenye waridi za mtu. Siku thelathini zilipita. Sikung'oa hata mche mmoja. Siku ya thelathini na moja nilikwenda kupogoa peasi, mchana kweupe, nikiwa nimevaa kofia nyekundu ili kila anayepita anione.

Wakaniita kwenye mkutano, mwezi wa tatu. Ukumbi ulijaa. Nilivaa kitenge kile ulichonitumia na Aikande. Bwana Tolliver aliongea kwa upole. "Bi Ndeshi, hakuna anayekuchukia. Lakini sheria inakataza kulisha wanyama pori."

"Naomba unisomee hiyo sheria," nikasema. "Yote."

Akasoma. Ilisema mtu asiweke nafaka, chumvi wala chakula chochote chini au ndani ya chombo kwa ajili ya wanyama.

"Mimi sijaweka kitu chini," nikamwambia. "Matunda yameanguka yenyewe. Bwana Tolliver, mwaloni ulio mbele ya nyumba yako unaangusha mbegu kila mwaka, na nimewaona kulungu wakizila. Utaukata lini?"

Watu wakacheka, na yeye mwenyewe akatabasamu kidogo. Lakini mtu mmoja nyuma akapaza sauti kwamba huu si uwanja wa maskhara, wajukuu wake wanacheza bustanini na madume wana pembe. Hofu yake niliielewa. Sikumdharau. Nikatoa daftari langu. Tangu mwaka ule nilipovunjika, kila vuli nimekuwa nikiandika kulungu waliokufa kwenye kile kipande cha barabara, tarehe na mahali. Mwaka 2021 walikuwa kumi na mmoja. Mwaka jana, persimoni zilipozaa, walikuwa watatu. Nikasema, sina elimu ya kuapa kwamba ni kwa sababu ya miti yangu. Ila najua kila kulungu aliyeko darajani kuna gari linamfuata, na ndani ya gari kuna mtu. Mimi nilikuwa mtu huyo. Nikafungua kola nikawaonyesha mfupa ulivyoungana kombo.

Kisha nikasema kwamba wakipiga kura ya kuing'oa, waje wenyewe na majembe, kwa sababu mimi sitainua mkono. Nitakuwa nimekaa chini ya mforosadi.

Mwanamke mmoja ambaye hatujawahi hata kusalimiana akasimama. Alisema mwanawe aligonga kulungu pale pale darajani mwaka juzi, na mpaka leo hawezi kuendesha gari. Akakaa.

Walipiga kura. Kumi na wanne walisema miti ibaki, kumi na mmoja walisema iondoke. Abigail, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele akitazama sakafu muda wote, alinishika mkono mbele ya watu wote, akaniambia kwa Kiswahili, "Mama, umewaweza."

Wale kumi na mmoja hawakwenda nyumbani mikono mitupu. Walipendekeza sheria mpya, na wengi wakaipitisha, kwamba kuanzia siku ile mkazi yeyote asipande mti mwingine wa matunda kule bondeni. Nimekubali. Nilitia sahihi. Halafu mwezi wa tano nilishuka kijitoni na mzee Zéphyrin, akainama ghafla akaniita. Miche midogo ya persimoni ilikuwa imeota kwenye kinyesi cha kulungu, nikahesabu ishirini na sita, mingine mbali kabisa na mipaka yangu. Mzee alicheka mpaka akashika kiuno. "Watamwandikia nani barua sasa?" akauliza.

Mpaka leo vuli hii nimeandika kulungu mmoja tu daftarini.

Sasa kaka, nije kwenye lile ambalo hukuliweka kwenye ujumbe wako.

Najua mlikaa kikao cha ukoo mwezi wa nane. Usiulize nimejuaje, na usimkasirikie mtu yeyote hapo nyumbani. Najua ulisema kwamba anayepanda miti kwa ajili ya wanyama hajui thamani ya ardhi, na kwa hiyo kile kipande cha kihamba, ardhi ya ukoo wetu, alichoniachia Baba, kile cha chini ya mfereji, apewe mwingine atakayekitumia. Najua wengine waliitikia kwa vichwa.

Ulisema pia kwamba Baba alizeeka akifukuza tumbili kwenye mahindi, na mimi namtukana kaburini. Kaka, wewe wakati ule ulikuwa bwenini, unasoma. Aliyekaa kwenye shamba la tambarare na debe na kijiti tangu asubuhi hadi jioni ni mimi, nina miaka tisa. Najua mnyama anavyomaliza jasho la mtu. Nilishawahi kurudi nyumbani nikilia kwa sababu nilisinzia na tumbili wakala mistari miwili. Hakuna mtu katika ukoo wetu atakayenieleza hasara ya mnyama shambani. Na kwa sababu najua, ndiyo maana nimechagua kwa macho yangu kulungu watakula nini, wapi, na mwezi gani.

Anayejua thamani ya ardhi ni nani kati yetu? Mimi udongo wangu naujua ukiwa umelowa na ukiwa umekauka. Najua maji yanapita wapi. Mti ulionifia najua kwa nini ulikufa. Nimesimama peke yangu mbele ya watu ishirini na watano, kwa lugha ambayo si ya mama yangu, nikaitetea ardhi hiyo. Unadhani ile ya Baba nitaiachia kwa maneno ya kikao?

Siiachii. Baba alinipa mbele ya wazee wanne na mchungaji, aliandika kwa mkono wake, na karatasi hiyo ninayo mimi. Wewe mwenyewe ulitia sahihi kama shahidi. Sahihi yako ni nzuri sana, ile herufi E umeipinda kama mkono wa jembe.

Sikuandikii kwa chuki. Wewe ndiye kaka yangu, huna mbadala. Ulipokosea huko nyuma nilinyamaza kwa kuwa wewe ni mkubwa, na ukafikiri kunyamaza kwangu ni kukubali. Kosa hilo ni langu, na leo nalirekebisha.

Nimekata tiketi. Mimi na Abigail tutashuka uwanja wa ndege wa KIA tarehe 14 Desemba. Nimezungumza na Mama, tutalala kwake. Aliniuliza swali moja tu kuhusu habari yote hii, kwamba hao kulungu wanakula na mbegu au wanatema. Nimemwahidi kumletea picha.

Nisalimie wifi Aikande, mwambie kitenge kilifanya kazi. Salamu kwa mwanao Kalisti na mkewe, hongera zao kwa mtoto. Msalimie mchungaji na wote wa kwaya. Kezia, ambaye hukumwona ila unamsikia kwenye simu akicheka, anakusalimu. Mzee Zéphyrin naye anasema anataka kujua mnapanda kahawa kwa nafasi ya hatua ngapi, umwandikie.

Mungu alinde mlango wako, akupe mvua ya kutosha na goti la kukufikisha shambani.

Asubuhi ya tarehe 15, saa moja kamili, nitakuwa kwenye kipande changu chini ya mfereji na panga la kufyekea. Ukitaka kuzungumza nami, njoo pale. Nitakuwa nimebeba chupa ya chai na vikombe viwili.

Mdogo wako anayekupenda, na asiyesogea,

Ndeshi.